Mstari Uliodidimia

Maabara yetu iko mlimani, ghorofa ya pili,
upande unaopigwa na upepo wa Chimwaga.
Vumbi la Agosti hupenya hata palipozibwa kwa gundi.
Mimi ndiye mwenye funguo, mimi ndiye mfuta vioo.
Vile vya chumvi nimevifungia kabatini:
tone moja la maji, na dirisha la laki tatu linageuka uji.
Kwa maji tuna vioo vya floridi ya kalsiamu,
na hapo huwa nacheka nimefumba mdomo,
maana floridi twafahamiana.
Nimezaliwa Singida. Meno yangu yana rangi ya chai.

Nyemo Malogo, mwaka wa tatu,
alikuja na chupa ya soda imejaa maji
ya kisima cha mchangani, Mvumi,
alichofukua bibi yake kwa kipande cha kibuyu
katikati ya korongo kavu.
"Iulize mashine," akasema,
"haya na ya bomba yanatofautiana wapi."

Nikadondosha tone, nikalibana kati ya vioo
likawa jembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
kwa kuwa maji yana ulafi wa infraredi,
joto lile lile linalotoka ukutani usiku
jua likishakwenda zake.
Yape unene wa ukucha tu, hayarudishi kitu.

Mstari ukatoka kushoto, umenyooka kama reli.
Ulipofika elfu tatu na mia saba
ukaanza kuzama.
*Idodomya*, walisema Wagogo, tembo alipodidimia topeni.
Ndivyo ulivyozama: taratibu, mpana, bila kona,
ukagusa chini, ukapanda ng'ambo ya pili,
kisha kishimo kimoja, elfu moja mia sita arobaini,
pale molekuli zinapokunja viwiko.

"Mbona butu?" Nyemo akauliza. "Kitabuni kuna sindano."

Sindano ni za mvuke, nikamwambia.
Huko kila molekuli iko peke yake
na inatikisika kwa sauti yake.
Wewe umewahi kupanga ndoo alfajiri, siku ya mgao?
*Nishikie nafasi, nakuja.*
Unamshikia. Na wewe umeshikiwa na wa nyuma.
Kope haijagusa kope, umemwachia, umemshika mwingine.
Oksijeni ya huyu yavuta hidrojeni ya yule;
aliyeshikwa kwa nguvu hutikisika polepole,
aliyeshikwa kilegelege hutikisika upesi,
na foleni nzima ikisema kwa pamoja
husikii jina la mtu.
Unapata bonde.

"Na bibi yuko wapi humu?"

Nikaweka maji ya bomba. Nikalaza mstari juu ya mstari.
Bonde lile lile. Hata unywele haukupita katikati.
Floridi iliyokula tabasamu langu
ni chache mno humo, mashine ni kiziwi kwake.
Sikuwa na jibu.
Nyemo akaifungua chupa, akapiga funda moja refu.
"Yana mchanga," akasema, "na moshi kidogo.
Mashine yako haina ulimi."
Akaondoka na chupa yake.

Hayo yalikuwa Agosti.
Leo ni Novemba, saa moja asubuhi.
Napima hewa tupu, kama kila siku kabla ya kazi.
Kiangazi chote mstari huu ulikuwa sakafu iliyosakafiwa.
Leo una vijisindano,
vingi, vyembamba kama ndevu za uwele.
Nikafuta, nikapima tena. Vipo.
Nje anga ni jeupe, mbuzi wanatafuna karatasi,
hakuna aliyeinua kichwa.

Nikampigia mama.
"Mbegu umeshachambua?"
"Nani kakwambia kuna mvua?"
Nikatazama kile kimstari chenye ndevu,
nikakosa neno la Kinyaturu la kukiita.
"Yupo mmoja hapa," nikasema, "husikia mapema."
Hakujibu.
Kwenye simu nilisikia ungo.